Kipande cha Syombua

Syombua Mutunga alianza kunijua kwa kunigombeza. Nilikuwa nimehamia karibuni kwenye varanda hii ya Kabati na cherehani yangu, na kama mafundi wengi wa nguo nilikuwa nasukuma mabaki ya vitambaa kwa mguu mpaka yanaangukia mtaroni. Mama mmoja mwenye riflekta ya kijani, ile fulana ya wafagiaji wa soko, akasimama mbele yangu, fagio begani, akaniuliza kama kwetu huwa tunalala ndani ya takataka. Nikamjibu vibaya, maana mimi pia si mtu wa kunyamaza. Hakubishana. Aliingia mtaroni na gambuti zake, akavitoa vile vitambaa kimoja kimoja, akavirundika juu ya meza yangu, juu ya gauni la harusi ya watu, vikiwa vinachuruzika maji machafu. Tulikaa muda mrefu bila kusalimiana. Baadaye tukawa marafiki, na mpaka leo hakuna uzi wangu unaoanguka mtaroni.

Alizaliwa Matinyani, akaolewa hapa Kabati na mwashi mmoja aliyeitwa Mutunga, mtu mpole aliyejenga nusu ya maduka haya kabla kifua hakijamuua. Mtoto wao wa kwanza, Nthiwa, yuko Makueni, upande wa mji wa Wote, anachoma matofali. Hutuma kitu akipata, asipopata hupiga simu aombe msamaha, na mama yake humwambia aache kupoteza pesa ya simu. Syombua alisuka viondo miaka mingi, lakini viondo havilishi nyumba mvua ikikataa mara mbili mfululizo. Ndipo akaomba kazi ya kufagia soko. Wenzake walikuwa wanalalamika juu ya mafagio ya dukani yanayokatika haraka. Yeye alikata vijiti shambani kwake, akafunga fagio lake mwenyewe kwa kamba ya mkonge, na hakuwahi kutumia lingine.

Sehemu yake ilikuwa ile inayoanzia duka la dawa za mifugo, inapita mbele ya varanda yangu, mpaka bucheri. Watu walimwachia kwa sababu ya mtaro. Damu na mafuta ya nyama huteremka humo, na siku ya soko huongezeka maganda ya maembe, majani ya sukuma na mavi ya punda, yote yanashikana. Msimu mmoja wa mvua nyingi aliteleza kwenye mafuta hayo akaangukia ukingo wa saruji. Nyonga haikurudi sawa. Hospitalini walimpa vidonge, wakamwambia asiwe anainama wala kubeba vizito. Alinisimulia hayo akicheka mpaka machozi, kisha akashika beleshi lake akaendelea na kazi.

Wakati huo walikuwa wanalipwa kwa saa. Wanafika kukipambazuka, wanatoka msimamizi akipiga filimbi alasiri. Sitasema uongo kwamba wote walikuwa wanajituma. Mbinya, ambaye ana mdomo kuliko mimi, alikuwa na uwezo wa kuzunguka na rundo moja la majani asubuhi nzima, alisukume huku alirudishe kule, huku akipokea habari za kila nyumba. Lakini mfumo huo ulimfaa Syombua. Angeweza kushuka mtaroni polepole, apumzishe mguu, aendelee, na filimbi ikilia mtaro umesafishwa mpaka saruji inaonekana. Hakuna aliyejua kama alikuwa mwepesi au mzito, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kujua.

Halafu kazi ya usafi ikapewa kampuni, na kampuni ikamtuma Evanson Gathua na pikipiki yake. Evanson ni kijana wa watu waliotoka upande wa kati, lakini familia yake imekuwa na duka kwenye mji wa Kwa Vonza tangu wakati wa babu yake, na anazungumza Kikamba chenye lafudhi iliyowafanya akina mama waanze kumpenda kabla hawajasikia anachosema. Aliwakusanya kwenye banda la nafaka. Kampuni, alisema, haitaki kulipia watu kusimama. Lakini haitaki kulazimisha pia. Wachague wenyewe: walipwe kwa saa kama zamani, au kila mmoja apewe kipande chake, akikimaliza aende zake, siku yake imehesabiwa. Kipande kisichokwisha hakilipwi.

Nilisikia mjadala wote, maana banda hilo liko hatua chache tu kutoka kwangu, na siku hiyo nilishona mistari mingi iliyopinda. Kaveke, mkubwa wao baada ya Syombua, alitaka saa. Alisema ukilipwa kwa kipande utafagia juu juu, uchafu utaingizwa mtaroni, na baada ya mwaka watu wataanza kuugua. Mbinya naye, kwa mshangao wa wote, alitaka kipande. Alisema amechoka kuangaliwa na filimbi kama mbuzi. Walibishana kwa hasira, na kila mmoja alikuwa na haki. Mimi mpaka leo nikiulizwa nashindwa kusema. Aliyelipia saa amenunua saa, aliyelipia kipande amenunua kipande, na usafi wenyewe umebaki ukitegemea roho ya mwenye fagio.

Aliyegeuza mambo ni Kanini. Huyo ndiye mdogo wao, alikuwa amejifungua miezi michache nyuma, na mtoto alikuwa anabaki na mama mkwe huko njia ya Matinyani. Kanini si msemaji. Alisimama akiwa amekunja mikono juu ya kifua, akiificha blauzi iliyolowa.

"Maziwa inanitoka hapa nikifagia," alisema. "Mtoto naye ako huko analia. Nikimaliza yangu mapema, si mniache niende?"

Walipopiga kura kwa mikono, nusu ilienda huku na nusu kule. Syombua alikuwa hajainua mkono. Kila mtu pale alijua kwamba mama mwenye nyonga mbovu hawezi kushindana na kipande, na kwamba akiinua mkono kwa saa mambo yatabaki yalivyokuwa. Alimwangalia Kanini, akaangalia ile blauzi. Akainua mkono upande wa kipande. Nilipomuuliza baadaye kama amerukwa na akili, aliniambia niendelee kushona.

Evanson alipaka rangi nyeupe kwenye mawe kuonyesha mwanzo na mwisho wa kila sehemu. Kesho yake wakaanza. Kanini alimaliza kipande chake kabla jua halijakuwa kali, akaweka fagio begani kwenda nyumbani. Alipofika mbele yangu akamwona Syombua bado yuko mtaroni, hajafika hata kati. Alivua kiatu, akashuka, akaanzia upande wa bucheri kuja huku. Baada yake akaja Kaveke, halafu Mbinya, halafu wengine, na muda si mrefu kipande cha Syombua kilikuwa kimekwisha na wote wakaondoka pamoja wakiongea.

Mtu wa Ukambani haoni ajabu hapo. Hiyo ni mwethya. Akina mama wetu wamelima hivyo tangu zamani, leo shamba lako, kesho langu, na wamechimba mabwawa na mitaro ya kuzuia udongo kwa njia hiyo hiyo. Ukimaliza mstari wako na mwenzako bado yuko nyuma, unaingia kwenye mstari wake. Hakuna anayekuomba, na hakuna anayekushukuru sana. Kinachoshangaza ni yule anayekaa chini akiangalia mwenzake akilima peke yake, tena mwenzake akiwa na umri wa mama yake. Huyo atasemwa mpaka kwenye mazishi yake.

Basi wakafanya hivyo kila siku, na hapo ndipo walipokosea bila kujua. Evanson alikuwa anakuja na pikipiki kabla ya saa sita kukagua. Anakuta soko limesafishwa, vipande vyote vimekwisha, kina mama wamekwenda nyumbani zamani. Akaandika hivyo, kwa sababu ndivyo alivyoona. Kampuni ikasoma kwamba kila mtu, hata mama mzee kuliko wote, anamaliza kazi yake mapema kabisa. Ikaona vipande ni vidogo mno. Evanson akarudi na kopo la rangi, akasogeza alama za wote mpaka sehemu zilizokuwa hazifagiwi. Kipande cha Syombua, kilichokuwa kinaishia bucheri, sasa kikafika kwenye posho mill, pale penye mashine ya kusaga unga.

Kina mama walilalamika kidogo, halafu wakakazana. Waliharakisha zaidi, wakasaidiana zaidi, kwa kuwa sasa Syombua alibaki nyuma zaidi. Ungewaona ungefikiri kuna zawadi mahali. Na kampuni ikaona tena soko limekwisha mapema, ikasogeza tena alama, mara hii mpaka lango la soko la mbuzi. Hakuna aliyemwambia Evanson kwamba vipande havimalizwi na mtu mmoja mmoja. Kaveke alikataza. Alisema kumwambia ni kumpeleka Syombua nyumbani kwa mikono yao wenyewe.

Kufikia wakati huo Kanini alikuwa anatoka sokoni saa zile zile za zamani za filimbi, akiwa amechoka mara mbili. Mtoto alianza kukataa ziwa, akazoea uji. Kanini hakulaumu mtu. Lakini Mbinya, tulipokuwa tumepanga mitungi kwenye foleni ya maji, alisema kwa sauti kwamba siku hizi wanafagia mguu wa mtu. Watu wawili watatu walicheka. Syombua alikuwa nyuma yangu na mtungi wake. Nilitaka kumjibu Mbinya, na ningemjibu neno la kumkaa mwilini, lakini Syombua alinivuta nguo. Aliteka maji yake akaenda. Mbinya alipogeuka akamwona, alishika mdomo, na sidhani kama alilala vizuri siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata Syombua alifika mapema kuliko kawaida. Aliwangoja wote mpaka wakatimia, wakiwa bado wanafunga leso viunoni.

"Leo mwethya hakuna," aliwaambia. "Mtu akimaliza yake akae pale kwa fundi. Evanson akuje aone mtu moja anamaliza kipande saa ngapi."

Kaveke alijaribu kumtuliza. Alimwambia watatafuta njia nyingine, watasema wote kwa pamoja, hakuna haja ya hayo. Syombua alisema wakimgusia fagio atakwenda nyumbani na hatarudi tena.

"Mwaitu, tukae tu tukikuangalia?" Kanini aliuliza. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama yeyote tunayemheshimu.

"Mkae."

Wakaenda kwenye kazi zao. Mmoja mmoja alipomaliza alikuja varandani kwangu, akakaa chini, fagio mapajani. Nilizima redio. Hakuna aliyeleta habari za nyumba za watu, hata Mbinya. Mbele yetu Syombua alikuwa mtaroni, anainama, anapiga beleshi, anainuka akishikilia ukingo, anavuta mguu, anainama tena. Alifanya kama alivyozoea, hakuruka mahali. Kulipokuwa na mafuta yameganda aliyakwangua mpaka yakatoka.

Nimeishi miaka mingi lakini sijaona aibu ya aina hiyo. Watu wa sokoni walipita wakatuangalia sisi, si yeye. Mzee wa kanisa mmoja alisimama akawauliza kina mama kama wamepagawa, kukaa hivyo na huyu mzazi anafanya kazi. Kijana wa bodaboda alishuka akaenda kumpokea Syombua fagio, naye akamfukuza. Kanini alilia bila sauti, machozi yanamwangukia mikononi, na hakuyafuta. Mara moja alitaka kusimama, Kaveke akamshika bega akamrudisha.

Evanson alikuja saa zake. Aliegesha pikipiki, akaona safu ya watu wamekaa kimya, akaona Syombua bado hajafika bucheri. Aliuliza kuna nini. Kaveke ndiye aliyemjibu, bila kusimama.

"Hiyo ndiyo kipande, na huyo ndiye mtu moja," alimwambia. "Kaa uone."

Nitamtetea Evanson hapa, kwa kuwa wengi wamemsema vibaya. Angeweza kuwasha pikipiki akaenda. Alivua helmeti, akakaa kwenye ngazi yangu, akakaa mpaka jioni. Katikati ya hapo alikwenda kwa Syombua mara mbili kumwambia, akimwita bibi kwa lugha ya kwao, "Shosho, imetosha, nimeona," na mara zote mbili akarudi peke yake. Alipiga picha kwa simu, alisema ni za kuonyesha wakubwa wake, maana akisema kwa mdomo hawataamini. Jua lilipokuwa linazama Syombua alikuwa amefika posho mill. Lango la mbuzi lilikuwa bado mbali. Hapo aliegemea ukuta na fagio likaanguka, na ndipo wote wakasimama wakakimbia kumshika.

Siku hiyo hakulipwa, sheria ilikuwa wazi.

Zile picha zilifanya kazi. Wakubwa wa Evanson waliziangalia wakakubali kwamba kipande kimezidi uwezo wa mtu mmoja. Lakini waliona na jambo la pili ndani ya picha hizo hizo, mama anayevuta mguu, aliyefagia kutoka alfajiri mpaka jioni asimalize. Evanson alikuja kumwambia mwenyewe, akiwa ameshika helmeti kwa mikono miwili mbele ya varanda yangu. Alisema vipande vimerudishwa vile vilivyokuwa mwanzo. Alisema tangu sasa kila mtu afagie chake peke yake, kusaidiana kumekatazwa, kwa sababu kunaharibu hesabu. Kisha akaangalia viatu vyake.

"Na wewe, shosho, wamesema upumzike."

Syombua alimuuliza hilo neno la kupumzika ni lake au ni lao. Evanson alisema ni lao.

"Basi warudishie," alimwambia. "Mimi sijachoka. Mimi ni mgonjwa wa nyonga."

Alivua riflekta, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akampa. Fagio alibeba, kwa kuwa lilikuwa lake. Nilimsindikiza mpaka kwenye njia ya kwake. Aliniambia nisirudie kutupa vitambaa mtaroni sasa kwa vile ameondoka, na mimi nikamwambia aende huko na maneno yake.

Kanini sasa anafika nyumbani mapema, na mtoto amerudi kwenye ziwa. Hilo lazima niliseme, kwa sababu ni kweli na ni jambo jema. Lakini sokoni kumebadilika. Mtu akimaliza kipande chake anaweka fagio begani anaenda, hamwangalii mwenzake. Mtaro wa bucheri umepewa mwanamke mwingine, mwenye nguvu. Anausafisha upesi, anatoa kile tu anachokiona.

Jumapili moja tulikwenda kumwona Syombua baada ya ibada, sisi wote, hata Mbinya ambaye tulilazimika kumvuta. Tulibeba unga, sukari na mafuta ya kupikia. Tulimkuta nje ya nyumba, ungo magotini, anachambua ndengu. Alitupokea vizuri. Alituuliza habari za kila mtu kwa jina, akampa Mbinya mkono kwa muda mrefu kuliko wengine, na chai ikaletwa. Tukaongea juu ya mvua. Tukaongea juu ya Nthiwa, ambaye amemwomba mama yake ahamie kwake Wote, na mama yake amekataa kwa sababu hataki kuishi kwa watu wanaochoma matofali. Tulicheka hapo. Kanini alimweka mtoto mapajani mwa Syombua, mahali ungo ulipokuwa, na mtoto akalala.

Chai ilipokwisha, Kanini alishindwa kujizuia. Alipiga magoti mbele yake kwenye vumbi, na gauni zuri la kanisani, mimi ndiye niliyelishona.

"Mwaitu, tusamehe," alisema. "Tulikaa."

Syombua alimfunika mtoto uso kwa leso, nzi wasimguse.

"Mimi ndiye niliwaambia mkae," alisema. "Na nyinyi mmelelewa vizuri, mkakaa. Lakini nikifika hapo kwa bucheri, hii nyonga ikiwaka, niliwaangalia. Nikaomba Mungu hata mmoja wenu akose adabu."

Kaveke aliinamisha kichwa. Mtoto aliendelea kulala.